Bambo

Bambo ni chuma chenye mdomo wazi.
Linachoma gunia ubavuni, linatoka na kiganja kimoja,
na kwa kiganja hicho gunia zima husemewa.
Mwaka wa sita huu nalishika, soko la Kibaigwa.
Pumba imenizoea koo,
ila mkono bado husita
nikifika kwenye gunia ninaloujua mshono wake.

Uzi wa buluu, unaorudi mara mbili pembeni:
mama mdogo Sechelela.
Karanga za Mlali. Mvua ilikatika Februari,
karanga zikaisubiri ardhini,
na kuvu nayo ikasubiri.

Nilichota tundu kumi na nane.
Nikachanganya, nikagawa kwa nne, nikagawa tena,
nikabandika namba mahali pa jina,
maana maabara ya Dodoma haina mama mdogo wa mtu.

Jibu likaja Alhamisi: arobaini na moja.
Ukomo ni kumi.
“Kumi ya nini?”
Sehemu kumi katika bilioni, mama.
Akacheka, yeye aliyehesabu madebe maisha yake yote:
“Bilioni naisikia redioni, wakisoma bajeti.”
Akavunja karanga, akanipa. “Onja.”
Nikaonja.
Ilikuwa tamu.
Hapo ndipo niliposhindwa kumweleza. Ilikuwa tamu.

Magunia kumi na moja tuliyachoma nyuma ya ghala.
Moshi ulinukia kama siku ya harusi.
Watoto wakasogea, tukawafukuza kwa fimbo.

“Chema chajiuza,” alisema, akijifuta majivu.
Kule Namanga, mama, chema hakijiuzi.
Kinapanga foleni, karatasi mkononi.
Mwaka juzi lori la Ndahani lilirudi na magunia mia tatu,
na aliyelirudisha hakutukana hata kidogo,
alionyesha tu kwa kalamu
mahali ambapo muhuri ungekaa.
Nani anunue mbuzi kwenye gunia
kwa sababu sisi ni jirani?

Mwezi wa tisa nikaitwa mjini, kamati ya viwango.
Siku mbili tulibishania neno:
“isizidi”, au “iwe chini ya”?
Bwana wa kiwanda cha mafuta alitaka ishirini,
mwenzake akataka miaka mitano ya kujiandaa,
mwingine akataka dirisha lifungwe, vumbi.
Chai ikapoa ikashika utando.
Ndipo Yobwa, mkulima wa Chemba,
ambaye tangu asubuhi alikuwa akikunja na kukunjua ajenda,
akasema bila kusimama:
“Mwaka ule macho ya mwanangu yaligeuka manjano kama kiini cha yai.
Hakuna aliyetupimia kitu.
Tulikula tulichovuna.”

Tukaandika: isizidi kumi.
Katibu akauliza kama kuna pingamizi.
Feni ilikuwa inazunguka.

Msimu huu mama mdogo kaanika juu ya turubai.
Kachukua chupa ya soda, chumvi kavu, punje kiganja,
katikisa, kangoja, kainua chupa juani:
chumvi haikushika kioo.
Zilizosinyaa kazitupa mwenyewe, moja moja,
akizitaja kwa Kigogo majina nisiyoweza kuyaandika hapa.

Na mnunuzi aliponyanyua gunia juu ya gunia,
akishindilia lumbesa kwa goti kama kawaida yao,
mama mdogo akauvuta mzani katikati.
“Kipimo kilinikata mimi mwaka jana.
Leo kikukate na wewe.”
Wapagazi wakaguna. Mnunuzi akaufungua mdomo wa gunia,
akapunguza, uso ukiwa umemfura.

Kisha akanigeukia.
“Njoo na chuma chako.”

Uzi wa buluu. Nikachoma.
Punje zikateremka kwenye bambo kwa sauti ile kavu,
kiganja kimoja,
naye hakunitazama usoni,
alitazama mkono.