Hata Msumari Mmoja

Mkataba ulikuwa na kurasa nne.
Mama aliusoma jikoni, amesimama, koti hajavua,
kidole kikishuka mstari kwa mstari:
usitoboe ukuta,
usipake rangi,
usigongomee chochote, popote, kwa sababu yoyote.
Chini kabisa Bwana Gawron aliongeza kwa kalamu yake
*hata msumari mmoja*,
akalipigia mstari neno la mwisho. Mara mbili.

Kuta zilikuwa nyeupe ya zahanati.
Ukisema, sauti inakurudia kama deni.
Dirishani, Łódź ya Januari:
mabomba ya moshi ya viwanda vilivyokufa,
tramu ikikata kona kwa kilio,
theluji iliyochoka kabla ya kufika chini.
Tymon, miaka minne, aliuliza tutarudi lini nyumbani.

Nguo ya kuazima haisitiri, husema watu.
Mama hakubishana na watu.
Alikwenda kazini, kiwanda cha mapazia,
na Ijumaa akarudi na gunia la vipande,
mabaki yanayouzwa kwa kilo, zloti sita,
na kwa vile mwenye mizani alikuwa na mafua
akapimiwa kilo tatu kwa bei ya mbili.

Kila mtu anajua wanga hufanya kazi usiku.
Wetu ulikuwa wa viazi.
Aliukoroga hadi ukawa uji mzito unaong'aa,
akachovya brashi, akauvika ukuta nguo
kipande kwa kipande, taratibu,
kama anayemvalisha mgonjwa
asiyeweza kuinua mikono.
Mistari ya buluu. Maua. Nusu ya tausi
("Nusu nyingine imeuzwa Ujerumani").
Mimi nilishika taa.
Nyumba nzima ilinukia chakula
tusichoruhusiwa kula.

Baada ya hapo hakushikika.
Chungio la tambi lililokatika mpini
likapinduliwa juu ya balbu,
na kila tukiwasha
dari linaugua surua ya mwanga.
Kiti tulikiokota kando ya jaa, miguu mitatu;
wa nne ulikuwa vitabu vyangu vya hesabu,
na nilipofeli sehemu nilimwambia mwalimu ukweli:
Shangazi Jadwiga alikuwa amezikalia.

Likabaki doa.
Doa la unyevu, juu ya kitanda cha Tymon,
la kahawia, lenye mabega.
Usiku alijifunika hadi utosini asilione.
Bwana Gawron alipigiwa simu mara tatu,
mara tatu akasema kesho.
Mama akapanda juu ya meza na kipande cha chaki
(chaki si rangi, chaki si msumari)
akachora sikio, sikio, pua, mkia.
"Mbweha," alisema. "Amelala. Usimwamshe."
Tangu siku hiyo Tymon alinong'ona chumbani,
na mvua zikizidi alitangaza kwa furaha
kwamba mbweha ananenepa.

Mwaka wa tatu kodi ilipanda,
mshahara ukabaki chini ukiitazama.
Tulilowesha kuta kwa sponji na maji ya uvuguvugu
na nguo zikabanduka bila kinyongo,
tausi akiwa wa mwisho.
Tulizikausha juu ya bomba la joto,
tukazikunja. Nyumba yote
ikaenea kwenye sanduku moja la bibi.

Bwana Gawron alikuja na kurunzi kutafuta matundu.
Alipapasa kuta kwa kiganja, chumba hadi chumba,
kama daktari asiyeamini kwamba mtu ni mzima.
Hakupata hata moja.
Akahesabu noti za amana polepole,
akilowesha kidole kwa kila noti.

Mama alikuwa amefuta chaki, masikio na mkia.
Lakini sisi bado tulimwona.
Mlangoni Tymon aligeuka:
"Usimwache akae na njaa."
"Nani?"
Akanyoosha kidole juu.

Tulimwacha pale, ameinua uso, kurunzi inawaka,
ndani ya nyumba yake mwenyewe.
Ngazini, ghorofa ya pili, mama alilazimika kuketi
juu ya sanduku lililonukia viazi
ili acheke vizuri.