Mstari Usiofunikwa

Siku ya kung'oa ndago haina jioni.
Unang'oa asubuhi; jua likigeuka
zimeshachungulia tena, vidole vya kijani
vya mtu aliyezikwa akiwa bado anadai.
Hapa Hombolo nililipalilia tuta moja mara tano
kabla chainizi haijanifika kwenye kifundo cha mguu,
hadi mgongo ukaanza kusema Kigogo,
kile cha mama alipokuwa amekasirika.

Sikufundishwa na mtu.
Ni mzigo wa mabua ya uwele
niliousahau nyuma ya choo tangu Mei.
Julai nikauinua, namtafuta kuku anayetaga kwa siri.
Mayai sikuyaona.
Chini yake udongo umekolea rangi, una ubaridi
kama sakafu ya tembe saa saba mchana,
na nyasi zilizothubutu kuota ni nyeupe,
zimelala kama nyuzi za kushonea,
zimekufa bila kuguswa na chuma.
Nikachuchumaa pale hadi miguu ikaingia ganzi.

Jioni hiyo hiyo nikayahamishia bustanini.
Shemeji yangu Ndahani akanisimamia:
"Chakula cha ng'ombe unaitandikia mboga?
Kesho utailetea na mto."
Nikamjibu, ng'ombe watatu hawafi kwa mzigo mmoja,
mimi nitakufa kwa tuta moja.
Akaondoka anacheka.
Usiku akarudisha nusu ya mzigo zizini.

Nikafidia kwa maganda ya karanga
ya Mama Chilewa, anayemenya kwa debe siku za mnada,
na majani makavu kutoka shamba la zabibu la jirani.
Bwana shamba anaita matandazo.
Mimi naita kulala saa nzima zaidi.

Ila yana adabu yake.
Palilia kwanza; usifunike ugomvi.
Mwagilia, ndipo utandaze,
kimo cha kiganja kilichosimama kwa ubavu.
Shina liachie duara la kupumua, upana wa kikombe;
bilinganya ya kwanza niliisonga, ikaoza shingo.
Na nyasi zenye mbegu usizilete.
Nilizileta. Nikapanda sangari kwa mikono yangu miwili,
nikaimwagilia.

Mchwa walikuja, ndiyo.
Wakala mabua, mchicha wakauacha,
na kila jioni nikawa kama mwenye mgahawa
anayewaongezea sahani wageni wasiolipa.
Ndago nayo ikatoboa. Ndago ingetoboa hata bati.
Lakini ilitoka mojamoja, shingo dhaifu,
na udongo ukiwa laini nikaivuta nzima,
na shanga zake zote za chini kwa chini.
Ndoo za maji zikashuka kutoka saba hadi tatu.
Mayai ya yule kuku niliyakuta humo humo,
kumi na moja, mawili viza.

Mvua ya Desemba ikaja na mama mkwe, Sechelela.
Alizunguka matuta bila kusema,
akainua bua moja kwa ncha ya fimbo, akalirudisha.
"Mlenda wangu uko wapi?"
Kila mwaka ulijiotea hapa, hakuna aliyeupanda;
aliuchuma, akauanika, akaula na ugali wa uwele
mpaka Agosti.
"Jembe lako lilikuwa na macho," akasema,
"lilijua kuuruka mlenda.
Hili shuka lako ni kipofu."

Sikuwa na jibu.
Nikavuta mabua pembeni, mstari mmoja
kando ya ua wa miiba, hatua kumi na mbili,
nikauacha udongo wazi kwa chochote kitakachokuja.
Wiki ya pili kikaja kila kitu.
Mbigili, sangari, ndago kwa ukoo mzima,
na katikati yao mlenda, mwororo, unateleza mkononi.

Pale bado tunapalilia kwa vidole, mimi na yeye,
tumepiga magoti, kila mmoja na upande wake.
Mara nyingine nang'oa usio wenyewe.
Ananigonga mkono, taratibu,
anaurudisha ardhini, anaushindilia kwa dole gumba.