Mlango wa Kwetu

Kikao kiliitishwa saa kumi, Rahaleo,
ndani ya darasa la tatu lenye madawati mafupi,
watu wazima magoti yanawagusa videvu.
Ajenda moja: wizi.
Mimi ndiye mwandishi. Kalamu inavuja.
Nikaandika: wajumbe arobaini na mmoja.

Akafungua fundi Mchopa, wa baiskeli:
"Enzi zetu tulilala milango wazi."
Darasa zima likasema kweli, kweli,
hata Zuhura, aliyezaliwa simu za tochi zimeshafika,
akatikisa kichwa kama aliyekuwepo.

Nikaandika: tulilala milango wazi.
Mkono ukagoma kwenye neno wazi.

Maana mlango wa kwetu naujua.
Wa mninga. Bibi aliupata kwa magunia mawili ya ufuta.
Na mwaka ule wa foleni, sabuni ikikatwa kwa uzi,
tukaamka alfajiri upepo umekaa sebuleni:
mlango umekwenda, na bawaba zake,
na misumari imeng'olewa taratibu, kiungwana.
Mbwa hakubweka. Jirani hakusikia.
Miezi saba tulilala mlango wazi.
Bibi akatundika kanga pale palipobaki tundu,
na kanga yenyewe, Mungu anisamehe kwa kucheka,
ilisema Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kituoni hakwenda.
Kituo kilikuwa mbali, na mwizi alikuwa karibu mno:
tulishazikana, tulishachezana ngoma.
Ndiyo maana daftari la zamani ni jeupe.

Mwaka wa pili alikwenda kutoa pole msibani
akauona, umepakwa buluu,
na kovu la panga la mjomba liko palepale chini ya komeo.
Akasimama. Akapiga hodi
juu ya mlango wake mwenyewe.
Akakaribishwa. Akaketi. Akanywa uji.

Nyumba ile ni ya kina Mchopa.
Fundi alikuwa mtoto wa miaka sita.
Hakudanganya leo: kwao walilala,
na walilala vizuri.

"Ni hawa wa kuja," akasema mtu wa nyuma,
"waliofuata korosho na gesi."
Nikaandika: wa kuja.
Kijana aliyeegemea dirisha akatema mate nje,
jina lake silijui. Sikumwandika.

Kisha akasimama Asumini, mama yake Shaweji.
Shaweji wa bodaboda, aliyekodiwa usiku kwenda Ngongo
akarudi asubuhi ndani ya gari la mchanga,
jicho moja, pikipiki hakuna,
na mkopo wa pikipiki bado upo.
Hakusema zamani. Hakusema siku hizi.
"Mimi sina enzi," alisema. "Nina mtoto.
Anaogopa hata sauti ya kikombe."
Akaketi.
Hapo pakawa na ukimya ambao sikujua
niuandike vipi kwenye muhtasari.

Tukaazimia: doria ya zamu, taa nne,
kila kaya elfu mbili.
Fundi Mchopa akatoa yake palepale, noti mpya,
na ya Asumini akamlipia.
Hilo nalo nimeliandika. Haki ni haki.

Magharibi nikampelekea muhtasari asaini.
Mlango ule ule wa buluu, siku hizi una kufuli mbili na mnyororo.
Nikapiga hodi kama alivyopiga bibi.
"Nani?"
"Mwandishi."
"Mwandishi gani?"
Nikataja jina langu, la baba, la babu,
ndipo mnyororo ukaanza kulia.

Akanichungulia kwa upenyo wa vidole vitatu.
"Umeandika sawa nilivyosema?"
"Neno kwa neno, fundi."
Nikampitishia karatasi,
na kiganja changu kingine, bila kuagizwa,
kilikuwa kimeshaliona lile kovu,
kinalipapasa.