Mitungi Minne, Ghorofa ya Tatu

Jumanne mfereji hukauka Kizingo,
na mfereji ukikauka ndipo mimi hula.
Ngazi hamsini na nne. Mtungi begani, mkono ukutani,
hadi mlango wa chuma wenye kufuli kwa nje.

Kwa nje. Nililiona siku ya kwanza
nikalimeza pamoja na mate.
Mwenye kulipwa kwa mtungi haulizi funguo hulala wapi.

Nzai wa getini alinifungulia, akarudi kwenye simu yake.
Nikamimina kwenye pipa nikihesabu kwa sauti,
mazoea ya kazi, mteja asije akanipunja mmoja:
moja. Mbili.
Nyuma ya pazia la jikoni sauti ya msichana ikasema, "Tatu?"
kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

Basi tukaanza hivyo. Kila Jumanne neno, siku nyengine mawili.
Maji. Nzito. Pole. Kesho.
"Kesho" alilipenda, akaligeuzageuza mdomoni
kama kokwa ya ukwaju.
Miezi minane Mombasa (hili nililijua baadaye),
na bahari iko mtaa wa pili,
hajaiona. Aliijua kwa kutu ya vyuma vya dirisha.

Wiki ya sita hakungoja nimimine.
"Nne," akasema.
Nikamjibu ndiyo, mitungi minne, kama siku zote.
Akatikisa kichwa. Akajigusa kifua: moja.
Akanyoosha kidole vyumbani: mbili, tatu, nne.
Kisha akayapanga maneno niliyompa, yote, hakubakisha,
kama mtu anayemwaga sarafu za mwisho dukani:
"Maji ndani. Mimi ndani. Nje hapana. Kesho hapana. Pole."
Hiyo pole aliniambia mimi.

Nilikwenda kituoni na fulana ile ile, imelowa mabegani.
Jina lake? Sijui.
Mtu wa wapi? Mbali.
Afande akaiweka kalamu chini. Sasa wewe wajua nini?
Najua, nikasema, nyumba ile hunywa maji ya watu wanne
na mwenyewe asema haina mtu.
Akaniambia nirudi Alhamisi.

Nina binamu, Mejumaa,
hupiga chapa chini ya mwavuli nje ya mahakama:
viapo, talaka, vyeti vilivyopotea.
Alinisikiliza akitafuna karanga, akaacha kutafuna.
"Kaa hapo. Sema polepole. Anza na kufuli."
Pesa za kiapo hakunitoza,
akakipandisha mwenyewe ghorofani kwa wakili Mwanaharusi,
yule avaaye raba na buibui.

Siku kumi na moja. Katikati yake nilipeleka maji,
nikahesabu kama kawaida, sauti ikinikwama kwenye tatu.
"Wanakuja" nilikuwa sijamfundisha.

Walipokuja, Nzai ameshakimbia na funguo,
ikabidi kufuli likatwe kwa msumeno.
Mkalimani akapatikana Shanzu, mpishi wa hoteli,
kucha bado zina bizari.
Ndipo nikalisikia jina: Bimala.
Kwao alikataa safari. Mjomba akapokea pesa hata hivyo,
pasipoti ikaingia mfuko wa mtu, haikutoka tena.

Jengo lile halinitaki. Mwenyewe amenunua tangi.
Kisauni wananiita shujaa, wananinunulia chai,
nami nainywa.
Lakini zile Jumanne sita, lile kufuli,
nalisikia likigonga chuma kila nishukapo ngazi za watu.

Nyumba walikohifadhiwa siitaji.
Huko nako mfereji hukauka.
Mejumaa akanipigia: leta minne.
Mlango una komeo, komeo liko kwa ndani.
Alifungua mwenyewe, akasimama kando ya pipa,
akahesabu kabla yangu, mbio,
moja mbili tatu nne,
kisha akaitazama mikono yangu mitupu.

"Tano," akasema.

Hilo sikumfundisha mimi.
Nikashuka kuufuata.