Upande Uliofunikwa na Kofia

Picha ni moja tu, imeliwa pembe na mende:
stesheni ya Kisumu, mwaka wa sabini na nne,
Bwana Lobo kasimama kifua mbele,
na nyuma yake, ukutani, nusu ya saa.
Nusu ya pili imemezwa na kofia yake.

Baba hayumo pichani.
Alikuwa juu ya ngazi, asema, kando kidogo,
ufunguo bado una joto kiganjani.

"Nichongee," akaniambia, "kabla macho hayajafunga duka."
Saa yenyewe ilibebwa treni zilipokoma,
na watu wenye barua ya mihuri miwili.
Hakuna aliyeuliza inakwenda wapi.

Basi nikaanza, mimi Apondi wa Ogweno,
seremala wa vitanda na meza pale Kibuye,
nisiyewahi kuunda kitu
kisichokaliwa wala kulaliwa.
Mvule niliutoa kwenye mlango wa duka lililobomolewa;
chini ya rangi tatu, ulikuwa hudhurungi
kama asali iliyosahauliwa.

Vipimo alinipa kwa mwili wake.
Urefu: "Kutoka kitovuni hadi kidevuni, nikiwa kijana."
Shingo: "Shubiri moja, na kidole cha kusitasita."
Uso: "Sinia la mama yako, lile dogo."
Nikayaandika kwa penseli ukutani mwa karakana.
Futi yangu ya chuma ikaona haya.

Tukabishana juu ya nne.
Nilikuwa nimechora kijiti na panda, kama vitabuni.
"La. Nne ya saa ile ilikuwa vijiti vinne,
vimesimama kama abiria wa daraja la tatu."
Nikaazima lenzi ya fundi wa simu, nikaiinamia picha.
Vinne.
Tangu hapo nikamwamini
kwa upande uliofunikwa na kofia.

Wiki sita za patasi na msasa.
Nambari nikazichonga kwa kina, zisomeke kwa kidole.
Akrabu mbili nilizikata kwenye mkebe wa biskuti.
Timazi ilikuwa kitasa cha shaba.
Moyo, nisamehewe, ni wa plastiki,
wa betri, shilingi mia mbili na hamsini.

Nilipoitundika chumbani mwake Nyalenda
alitega sikio kwanza.
"Inapumua upesi, kama mtoto mwenye homa."
Kisha vidole vikatembea usoni,
vikapita tisa, vikashuka hadi nane
(nane tuliyoiita mbili nyumbani,
maana reli ilihesabu tangu usiku wa manane
na sisi tulihesabu tangu jua),
vikasita. Vikarudi. Vikapapasa.
"Tundu la ufunguo umelificha wapi?"

Hakuwahi kulitaja.
Mtu hukueleza alichokiona;
alichokishika hudhani unakijua.

Nikachukua kekee. Ndani kidogo ya nane
nikatoboa tundu lisilokwenda popote,
nikachonga na ufunguo wa kulitumikia.

Kila Jumatatu, saa mbili asubuhi, hupanda kigoda.
Mizunguko kumi na mmoja. Wa kumi na mbili haugusi:
"Huo ndio huikata springi roho."
Hushuka, hufuta mikono kwenye suruali,
ingawa hakuna grisi.

Betri hubadilisha mimi, Jumapili, akiwa kanisani.

Mwezi jana nilikuwa na oda ya madawati, nikasahau.
Alinipigia simu usiku, sauti imemkwama:
"Imenyamaza, Apondi. Miaka thelathini na moja
haijawahi kunyamaza mkononi mwangu.
Nilihesabu kumi, ama?"

Ubao ule una umri kumshinda.
Ni mkavu kuliko mifupa yetu sote.
Nikamwambia ulikuwa mbichi, baba, umevimba, umekaza.
Kosa la fundi.