Kitabu Kilichojirudisha

Saa kumi na moja alfajiri, Dundee bado giza,
mvua haidondoki, inatembea ubavuni mwangu
kutoka Lochee hadi kituo cha basi.
Sikio la kulia nimeuachia ulimwengu:
breki, upepo wa mto Tay, salamu ya dereva.
La kushoto lina mtu.

Sura yake siijui.
Nazijua sura zake zote kumi na tisa,
na namna anavyomeza mate
kabla ya kuniletea maiti.

Nilikwenda maktaba kuchapisha fomu, basi.
Eilidh wa kaunta akaniuliza kama napenda kusoma.
Nikamwonyesha vidole vilivyokunjamana: miaka saba
nafua shuka za hospitali,
kitabu na mikono iliyorowa havilali chumba kimoja.
Akaomba simu yangu, akabonyeza, akabonyeza,
akanirudishia: "Basi tumia masikio."
Bure. Nikamwuliza mara tatu. Bure.

Cha kwanza kilikuwa historia ya chumvi,
kimesomwa na mzee mwenye sauti ya kusoma wosia.
Nililala dakika ya pili.
Yeye hakulala. Nilipoamka tulikuwa sura ya tisa,
chumvi imeshatozwa kodi, watu wameshaandamana,
nami sijui ugomvi ulianzia wapi.

Ndipo nikampata mama huyu na mauaji yake:
kijiji, daktari, mjane, mfuga nyuki.
Kunja shuka, kunja, foronya, kunja,
mjane anasikia hatua ghalani.
Maharage yangu ya jioni yameungua mara mbili.
"Mama, unaongea na nani?" Nadhiru aliuliza mlangoni.
Namkanya mjane asifungue.

Siku ya ishirini na moja, nachambua mchele,
mpelelezi amewakusanya wote sebuleni,
amekohoa, amesema, "Aliyemuua ni

Kimya.
Si kimya cha kitabu. Kimya cha jikoni:
friji, bomba, mtoto wa ghorofa ya juu akiburuta kiti.
Kwenye simu: mkopo umekwisha.
Kitabu kimejirudisha chenyewe, bila miguu,
na kwenye foleni mimi ni wa thelathini na moja.

Watu thelathini wa mji huu wananitangulia.
Nawatafuta ndani ya basi.
Wewe wa kofia ya sufu, unayeitazama mvua na kutabasamu,
ni wewe uliyenichukulia mpelelezi?

Morag alishakisoma, cha karatasi, zamani.
"Nikwambie?"
Nikaziba masikio yote mawili kwa mikono yenye povu.

Lakini wenzangu wa zamu walikuwa wameanza kuuliza.
Nilikuwa nawasimulia kidogo kidogo wakati wa chai,
sasa na wao wamekwama sebuleni na mpelelezi.
Basi nikaendelea bila kitabu.
Nikampa daktari deni. Nikampa mfuga nyuki ndugu pacha.
Kwa Kiingereza changu cha kuungaunga,
juu ya mngurumo wa mashine kumi na mbili.
Hata Morag, anayejua, akazima redio.
Jumatano nilimtia daktari pingu
na Halina wa pasi akapiga makofi,
shuka ikamwungulia.

Jana kitabu kimerudi. Zamu yangu.
Kimo mfukoni, siku ishirini na moja zimeshaanza kuhesabika,
kidole kimeganda juu ya kitufe.
Naogopa kumkuta daktari hana hatia.
Morag ananitazama kutoka ncha ya pili ya shuka,
tunakunja, tunakutana katikati,
anatabasamu,
hasemi.