Mjamzito

Alfajiri ya Julai, Moshi, sweta ni la mume wangu;
langu halifungi tena.
Nachota Njoro, nachota mfongo wa Kibosho,
nachota bomba la stendi, ambako mpiga debe anauliza
kama haya maji ni ya dawa.
Vichupa thelathini na viwili. Naviandika kwa penseli,
wino hukimbia ukilowa.

Mchana mashine inahesabu wazito.
Haidrojeni ni haidrojeni, jina halibadiliki,
ila katika kila elfu sita na ushee, mmoja
amebeba mwenzake ndani, asiye na chaji,
havuti, hasukumi, amekaa tu.
Lugha yetu haimwiti wawili mwenye mzigo kama huo.
Inamwita mzito, kisha inampisha kiti.

Elinipa, fundi wa mashine, anasoma namba na kucheka:
“Ya juu mepesi, dada!”
Ndiyo. Wingu likipanda mlima hutua wazito njiani,
kama mpagazi aliyechokea Mandara.

Lakini liko wingu jingine, nimelisoma usiku mguu ukiniuma:
halinyeshi, limeziba nyota zilizo nyuma yake,
gesi na vumbi, moshi tu,
nasi tumeuita mji kwa jina hilo.
Nyuzi kumi juu ya baridi ya mwisho kabisa.
Kule mzito akiingia kifungoni hatoki;
kutoka kunadai joto
na joto halijaumbwa.
Basi wanajazana, mmoja katika mia, pengine zaidi,
wanagandia punje za vumbi, wanavaa barafu,
wanangoja jua lisilo na tarehe.

Likaja. Likawayeyusha wengi, likawachanganya upya.
Si wote.
Wanasema sehemu ya maji haya, hata ya stendi,
kichupa namba kumi na tisa,
ni kongwe kuliko jua linalonichoma kisogo.

Mawenzi, nesi Ndeshi ananipandisha mizani.
“Kilo mbili zaidi. Na maji ya mtoto yanatosha.”
Yanatosha. Nilitaka kumwambia umri wake,
foleni ilikuwa ndefu.

Jioni sikumwaga yaliyobaki ya kumi na tisa.
Nimeyachemsha na tangawizi.
Mvuke huondoka na wepesi kwanza,
wazito huchelewa sufuriani.

Nimekunywa hadi chini.